Mpima Hewa

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Kazi yangu mimi ni kuyatafuta hayo maji:
mashine huzunguka dakika kumi, damu hujitenga,
nyekundu hulala chini kama tope,
juu hubaki ute mwepesi, rangi ya majani makavu.
Huo ndio niutakao. Hiyo nzito naiweka kando.

Ni ghorofa ya chini kabisa, hospitali ya Ostrava,
Januari, theluji imeziba nusu ya dirisha,
naona viatu tu vya wapitao.
Wagonjwa siwajui. Najua mirija,
vizibo vya kahawia, namba zilizobandikwa.
0347: mapafu, miaka sitini na tisa,
dawa ya kinga kila wiki ya tatu.

Uvimbe hudondosha vipande vyake njiani,
vifupi, vifupi kuliko vya mwili wenyewe,
kama mwizi aliyetoboka mfuko.
Mimi huokota. Mimi huhesabu.
Oktoba: mia tatu na kumi na viwili
katika kila mililita.
Desemba: arobaini na kimoja.
Nikapima tena. Arobaini na vitatu.
Nikabadilisha kemikali, nikanawa, nikapima mara ya tatu.
Thelathini na tisa.

Wiki hiyohiyo picha ikatoka huko juu,
na picha ikasema kinyume:
uvimbe uliokuwa sentimita nne, sasa tano na nusu.
Alhamisi, kikaoni, Daktari Radovan, kijana,
akagonga kioo kwa kalamu:
"Dawa imeshindwa. Tuisimamishe."
Daktari Šebestová hakumjibu. Alinigeukia mimi,
niliyekuja na karatasi moja na mafua.
"Damu yasemaje?"

Sikujua kuhutubia. Nikasema nijualo:
dawa hii yenyewe haiui kitu.
Huwafumbua macho askari
waliokuwa wakimpigia adui saluti
kwa kuwa kavaa sare yao.
Na wakifumbuliwa macho huingia kwa wingi,
nyumba ikafura kwa miguu yao.
Picha huona nyumba imefura.
Haioni nani yumo ndani.

Walibishana hadi kahawa ikapoa.
Dozi mbili zaidi, wakaamua, kisha tuone.
Tuone.
Neno hilo nililipakata kwenye tramu hadi nyumbani,
usiku likanikalia kifuani.
Mimi nani,
na mashine yangu, na matone yangu?

Jumatatu mzee akapotea njia, akashukia mlangoni kwangu,
koti zito, fomu mkononi: 0347.
Sikuruhusiwa kusema lolote. Nikamwonyesha lifti.
Akaichungulia mirija.
"Kumbe ndivyo mnavyonipima?
Mgodini nilikuwa mpima hewa, miaka thelathini na mmoja.
Moto wa chini huendi kuutazama, binti.
Unakaa juu, mdomoni mwa shimo,
unapima kile shimo linachopumua."
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
tukangoja wote wawili kipite.
"Mara moja nilikosea," akasema.
Lifti ikafika.

Vendelín Hrubec. Nililisoma jina, nikajifanya sikulisoma.

Februari: vipande tisa.
Machi picha nayo ikakubali, sentimita tatu,
na Radovan akaniletea keki ya mbegu za mpopi,
akaiacha juu ya jokofu bila neno.

Lakini asubuhi hiyohiyo ya keki
kuna 0352, mwanamke, miaka arobaini na minne.
Picha yake safi. Šebestová kanidokeza
kwamba tayari kakata tiketi ya kwenda kwa dada yake.
Na damu yake inapanda:
sita, kumi na tisa, themanini.
Nimepima mara tatu.

Vidole vyangu vina sukari ya keki.
Ninavinawa.
Nampima mara ya nne.